Daftari la Mtakatifu Yosefu

SEHEMU YA KWANZA

Paskazia alishuka stendi ya Ngara mjini alasiri ya Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2025, akiwa na binti yake Editha, begi la nguo, na kichwa cha cherehani alichokifunga kwa kitenge na kukipakata njia nzima kutoka Biharamulo. Meza na pedeli aliziacha kwa jirani. Kichwa hakuthubutu kukiacha. Kilikuwa kimemlisha miaka tisa.

Njiani abiria wote walishushwa wakapimwa joto, wakanawa mikono kwenye ndoo yenye koki, wakapanda tena kimya. Tangu tarehe 20 Januari, siku Rais alipotangaza kwamba virusi vya Marburg vimeingia Biharamulo, safari zilikuwa hivyo. Watu kumi walikufa: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kwa dalili zao. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alifariki tarehe 28 Januari, na kuanzia hapo wataalamu wakawa wanahesabu siku 42, mara mbili ya zile 21 ambazo virusi vinaweza kujificha mwilini. Kwaresima nayo ina siku zake 40. Watu wa Kagera mwaka ule walikuwa na hesabu mbili mkononi, na hakuna aliyejua ipi ingewaletea furaha kwanza.

Mume wa Paskazia alikufa Januari hiyohiyo. Hakufa kwa homa. Lori lilimgonga na pikipiki yake karibu na Nyakanazi, na shemeji zake ndio waliomwosha. Lakini ukifika Ngara ukasema mume wako amekufa Biharamulo mwezi wa kwanza, nani atasubiri umalizie?

Kijana wa bodaboda aliyewachukua kuwapeleka upande wa Rulenge alikuwa amefunga. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla ya Kwaresima. Midomo yake ilikuwa imekauka, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na mara mbili alishuka akasukuma pikipiki huku Editha ameketi juu yake na begi. Walipofika alipokea nauli, kisha akamshika Paskazia mkono wote, akasema, "Pole na safari, dada. Mungu awafanyie wepesi." Paskazia aligundua kwamba tangu mazishi hakuna mtu mzima aliyemshika mkono.

Nyumba ya baba yake ilikuwa imebadilishwa paa, migomba imesogea hadi ukutani. Kaka yake Sospeter alitoka na panga mkononi, akamwona, akarudi nyuma hatua tatu hadi mgongo ukagonga mlango. Wifi yake alipiga yowe fupi akajiziba mdomo.

"Nimetoka Biharamulo, kaka, lakini siumwi," Paskazia alisema upesi. "Tumepimwa njiani. Baba Editha aligongwa na gari."

Sospeter hakujibu. Alimtazama miguu, kisha uso, kisha tena miguu.

"Baba yuko wapi?"

"Mzee alilala mwaka 2019," alisema wifi, kwa kuwa kaka bado hakuweza.

Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu Paskazia aondoke pale usiku, bila kuaga, bila mahari, nyuma ya kijana aliyekuwa akipakia mizigo ya malori. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Kwa ukimya huu hakuwa amejiandaa. Walimpa chumba cha nje, kile cha kuhifadhia mbegu, wakamletea uji mlangoni. Siku tatu hakuna jirani aliyekuja kumpa pole ya msiba. Alijiambia: wanaogopa Biharamulo. Akawasamehe kwa sababu na yeye, alipokuwa Biharamulo, alikuwa amewaogopa wengine.

Kilichomtoa nje ni mtoto. Editha alikuwa na miaka minane, hajabatizwa kwa kuwa wazazi hawakuwa na ndoa ya kanisani, na alikuwa amekaribia kumaliza mafundisho. Katekista wa Biharamulo alikuwa amempa barua ya kumhamisha ili abatizwe kwenye mkesha wa Pasaka, Jumamosi ya tarehe 19 Aprili. Barua peke yake haitoshi. Parokia itauliza: mtoto huyu ni wa jumuiya gani? Nani anamfahamu? Anayelijua Kanisa Katoliki la Tanzania anajua uzito wa swali hilo. Bila jumuiya hakuna ubatizo, hakuna ndoa, na siku ya mwisho utatafutiwa wa kukuimbia.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 8, kabla hakujapambazuka, Paskazia alimfunika Editha kanga, akamfuata kwa mbali bibi mmoja aliyebeba mshumaa na rozari, bila kumwambia kaka yake.

Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu ilisali nyumbani kwa mwenyekiti wake, Mama Gaudensia, mwanamke aliyeolewa pale miaka ya karibuni. Meza ilitandikwa kitambaa cha zambarau, juu yake msalaba na Biblia. Watu ishirini hivi walikaa kwenye mikeka na mabenchi. Paskazia alipoketi, benchi lilipungua watu mpaka likabaki lake na mwanawe.

Walisoma Injili ya Jumapili ya kwanza, Yesu akijaribiwa jangwani. Wakanyamaza kidogo, kisha kila mtu akasema neno lililomgusa. Mzee mmoja alisema njaa ndiyo inayomgusa, kwa kuwa shetani alichagua siku ambayo Bwana alikuwa na njaa. Mama mwingine alisali kwa ajili ya Papa Fransisko, aliyekuwa amelazwa Roma tangu katikati ya Februari, mapafu yakimsumbua. Paskazia hakusema neno, lakini koo lilimbana, maana tangu aondoke kwa baba yake hakuwa amesikia watu wakilizungumza Neno kwa lafudhi ile ya kwao.

Ukafika wakati wa matangazo. Mama Gaudensia akasema kuna mgeni. "Karibu, mama. Ungependa kuandikishwa?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Mimi na mtoto."

Katibu alikuwa kijana mwalimu wa shule ya msingi. Alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu, akachomoa kalamu. "Jina?"

Paskazia akataja jina lake, na jina la baba yake.

Kalamu ikasimama. Bibi aliyebeba mshumaa, Bibi Leokadia, aligeuka taratibu akamkazia macho. Katibu alipekua kurasa kurudi nyuma, polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Jina hili limo humu tayari," alisema.

Paskazia alihisi machozi yanakuja. Kumbe kaka alimwandika! Miaka yote hiyo, kumbe waliendelea kumhesabu nyumbani. "Basi sihitaji kuandikishwa upya?"

Katibu hakujibu. Aliligeuza daftari likamwelekea, akarudisha mkono wake haraka. Juu ya ukurasa kulikuwa na msalaba uliochorwa kwa wino mweusi, na chini yake maneno: MAREHEMU WA JUMUIYA. Jina la nane lilikuwa lake. Mwaka 2016. Kaburi: Biharamulo.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA PILI

Watu wanne waliondoka bila sala ya mwisho. Mmoja aliacha viatu.

Mama Gaudensia hakuondoka. Alimtazama Editha aliyekuwa anasoma jina la mama yake kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa shuleni, akalifunga daftari. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," Paskazia akaitika, na sauti yake ilikuwa ya mtu hai.

"Kila Novemba tumekuombea," alisema Bibi Leokadia kutoka kwenye mkeka. "Jina lako nimelitaja mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Mtoto wa watu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Biharamulo, bibi. Nashona."

Mnong'ono ukapita chumbani, na safari hii haukuwa wa mizimu. Biharamulo. Mhazini, mzee aliyeitwa Pastory, alisema waziwazi kwamba suala la daftari lizungumzwe baadaye, kwanza huyu mama akae kwake mpaka serikali iseme ugonjwa umekwisha. Wengi waliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo mwenyekiti aliposimama.

Mimi huamini kwamba mtu anapimwa kwa neno analolisema kabla hajapata muda wa kulipima. Mama Gaudensia aliwakumbusha mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa muda wa siku moja tu, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na pale Benaco ukaota mji wa maturubai mkubwa kuliko miji yote waliyowahi kuiona. Miti ilikatwa, maji yakagombewa, kipindupindu kikahofiwa. "Nyinyi mlikuwa hapa," alisema. "Mimi nilikuwa kwetu, lakini mmenisimulia nyinyi wenyewe. Mliwapa viazi wageni msiojua majina yao. Leo anarudi mtoto wa nyumba ya pili, mnahamia benchi jingine?"

Hakuna aliyehama kurudi, lakini Pastory aliinamisha kichwa.

Jumuiya hizi hazikuzuka zenyewe. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia nyumba kumi, ishirini zinazojuana, watu wasome Neno na kulitenda mahali ambapo jirani anajua nani amegombana na nani. Ndilo jambo zuri na ndilo jambo gumu. Parokiani unaweza kukaa nyuma ya nguzo. Kwenye jumuiya, anayekuombea ndiye aliyekusikia jana ukimfokea mkeo.

Paskazia alirudi nyumbani akamkuta Sospeter anachonga mpini. "Kaka, nani aliwaambia nimekufa?"

Sospeter alichonga mpaka mpini ukawa mwembamba usiofaa kwa jembe lolote. Akaondoka kwenda shamba. Usiku hakula. Wifi alikuja mlangoni kwa Paskazia na taa, akasimama nje ya kizingiti. "Wifi, usimwulize tena kaka yako. Mimi ninachojua ni kwamba ilikuja habari, tukalia, tukanyoa nywele. Mzee alikaa juani siku mbili hataki kivuli. Hicho tu."

Siku zilizofuata zilikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Alhamisi ya tarehe 13 wifi alikuwa anachambua maharage huku amefungulia Radio Kwizera, redio iliyozaliwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa wakati ule na ikabaki na wenyeji baada ya kambi kufungwa. Taarifa ikasomwa: siku 42 zimetimia, mlipuko wa Marburg katika Kagera umekwisha. Wifi akaacha maharage. Akanyanyuka, akavuka kile kizingiti alichokuwa hakivuki, akaingia chumba cha mbegu, akamkumbatia Paskazia kwa nguvu hadi kilemba kikamdondoka. Walilia kwa sauti, na Editha, ambaye hakuelewa lolote, akalia pia.

Kesho yake, Ijumaa, kwenye Njia ya Msalaba, Bibi Leokadia alimshika mkono katika kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake, na hakuuachia mpaka cha kumi na nne.

Jumatano ya tarehe 19 Machi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa jumuiya. Kila mwaka siku hiyo wanaipumzisha Kwaresima kidogo: misa asubuhi, kisha chakula cha pamoja. Ndizi zilipikwa kwa maharage kwenye masufuria makubwa, na Paskazia alipewa kazi ya kupakua. Alikuwa na furaha. Ninaiandika furaha hiyo kwa sababu ilikuwa ya kweli, na kwa sababu haikufika jioni.

"Maharage haya matamu," alimwambia Pastory. "Mmenunua wapi?"

"Tununue kwa nini? Ya shamba la jumuiya. Lile la bondeni, chini ya kwenu. Tunalima pamoja, tunauza, ndiko unakotoka mchango wa Kwaresima na sare za wale watoto watatu yatima."

Chini ya kwenu bondeni kulikuwa na shamba moja tu. Paskazia alilijua kila tuta. Baba alilipima kwa hatua zake akiwa na binti yake begani, akasema hiki ni kipande cha Paska, siku akiolewa vibaya ana pa kurudi.

Alimwomba katibu daftari. Mwalimu alisita, akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Walikaa watatu nyuma ya nyumba, mbali na ngoma.

Ukurasa wa mwaka 2017 ulikuwa na muhtasari mfupi. Mzee, kwa hiari yake, anatoa kipande cha marehemu binti yake kwa jumuiya, ili imwombee kila Novemba, isimsahau. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, pana, yenye kovu la panga katikati. Paskazia aliweka kidole chake juu ya alama ile. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba baba yake alimkana. Baba alikuwa amempa jumuiya nzima imlilie.

"Na habari ya kifo changu?" aliuliza. "Iliandikwa?"

Mwalimu alifungua kurasa za nyuma zaidi. Juni 2016. Mwandiko ulikuwa wa katibu wa zamani. *Taarifa imeletwa na mume wa marehemu. Mazishi yamekwisha kufanyika hukohuko kwa sababu ya umbali. Jumuiya imechanga rambirambi shilingi 310,000. Amekabidhiwa.*

Na chini, sahihi ya aliyepokea. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kurudi kushoto. Paskazia aliiona herufi hiyo mara ya mwisho kwenye kitambulisho alichokabidhiwa na polisi wa barabarani, Januari, kikiwa na damu.

Juni 2016 ndiyo iliyoingiza cherehani nyumbani kwake.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA TATU

Alikumbuka siku ile yote. Mumewe alikuwa amesema anakwenda Ngara kumwomba mzee msamaha na kuzungumza mahari. Alirudi siku ya nne juu ya lori, cherehani mpya imefungwa kwa kamba nyuma, akacheka, akasema amepata kibarua kizuri njiani. Usiku ndipo akasema lile jingine: "Baba yako anasema hana binti." Paskazia alilia hadi asubuhi, na asubuhi mumewe akamfundisha kutia uzi sindanoni. Ndoa yao ilikuwa na wema mwingi baada ya hapo. Ndiyo sehemu ambayo sasa hakujua aiweke wapi.

Kwa nini alifanya vile? Aliogopa mahari? Aliogopa kwamba mzee akimwona bintiye atambakiza? Aliyekuwa na jibu amelala makaburini Biharamulo.

Siku mbili hakufungua kitenge. Mama mmoja alimletea gauni la kupunguza, akamwambia cherehani imeharibika.

Jumamosi ya tarehe 22 jumuiya ilisoma mfano wa mtini usiozaa, ule ambao mwenye shamba anataka ukatwe na mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Hapa wote ni wakulima. Majadiliano yalikuwa marefu: mti upewe miaka mingapi, samadi ya ng'ombe au ya mbuzi, na je, mtunzaji alikuwa anajiombea kazi yake mwenyewe? Mzee wa njaa alisema hapana, mtunzaji anaupenda mti, basi.

Paskazia alisimama, akatoka, akarudi amebeba kichwa cha cherehani, akakiweka juu ya kitambaa cha zambarau kando ya msalaba.

"Hii ni rambirambi yenu," alisema. "Mlichanga mkanizika, mume wangu akanunua hii, nami nimekula kwayo miaka tisa. Sikujua. Lakini nimekula. Mzee Pastory, ichukue, iuzwe, fedha irudi kwenye kasha."

Hakuna aliyeigusa. Bibi Leokadia alianza kulia. Pastory, ambaye kwa kazi yake anajua kila shilingi ilikotoka, alisema polepole, "Mama Editha, ukirudisha cherehani, sisi turudishe nini? Misimu minane tumevuna kwako."

Basi shamba likaingia ndani ya sala, na amani ikatoka. Wapo waliosema kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyuma. Wapo waliouliza watoto yatima watavaa nini mwezi wa saba. Baba mmoja alisema mwanamke aliyetoroka hana kipande, mila haimtambui. Mwalimu akamjibu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na kwamba baba yake mzazi alimtambua kabla ya sheria kusemwa hapa. Sauti zilipanda. Mbona sasa, mtu mmoja alifoka, mbona mwezi huu wa kufunga?

Ningekuwa na uwezo ningewaambia kwamba mwezi huu ndio wenyewe. Kukosa nyama Ijumaa hakumgharimu mtu ambaye nyama anaiona Krismasi. Shamba la bondeni, lenye maji mwaka mzima, ndiyo gharama. Na toba hii haikuwa ya mtu mmoja kwenda kupiga magoti kwa padri. Ilikuwa ya jumuiya nzima, watu waliokula kwa nia njema chakula kisicho chao.

Mama Gaudensia aliwaacha wachoke. Kisha akasema: "Zawadi ile ilikuwa ya marehemu. Marehemu ameketi hapa. Kama hakuna marehemu, zawadi imesimama juu ya nini? Lakini hatuwezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji na hadithi. Atatuuliza: mlithibitishaje kifo? Na sisi tulithibitisha. Tulimpa mtu nauli ya kwenda Biharamulo kuliona kaburi, akarudi akatueleza. Imeandikwa."

Watu wote walijua ni nani. Paskazia peke yake ndiye aliyegeuka huku na huku.

"Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwa Sospeter," mwenyekiti akamaliza. "Atatuambia aliona kaburi la nani. Na hapo ndipo nitakapogonga muhuri barua ya mtoto. Siwezi kumtetea Editha parokiani mama yake akiwa ukurasa wa marehemu."

Jumapili habari ilikuja kwamba Papa ametoka hospitalini, na kengele zikapigwa. Sospeter hakuonekana kanisani.

Juma zima alipanga nyumba. Alipaka ukuta chokaa, akaazima mabenchi, akamnunulia Editha kandambili. Hakumtazama dada yake. Asubuhi ya tarehe 29 watu walijaa hadi barazani. Hata wale wanne wa siku ya kwanza walirudi. Injili ilikuwa ya baba mwenye wana wawili. Msomaji alipofika pale mwana mkubwa anaposikia ngoma na kukataa kuingia, Paskazia aliinua macho akaona kiti cha kaka yake kitupu.

Alimkuta nyuma ya migomba.

"Sikufika," alisema Sospeter kabla hajaulizwa.

"Hukufika wapi?"

"Biharamulo. Nauli yao niliinywa Lusahunga. Nilikutana na watu, tukakaa siku mbili. Fedha ikaisha. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikasema nimeliona." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayetapika. "Nilijua umekufa kweli, Paska. Mume wako alilia mbele yetu. Nikasema kaburi ni kaburi, nikilitazama nisilitazame, kuna tofauti gani? Ningepanda gari jingine moja tu, ningekukuta unashona."

Paskazia alishika mgomba.

"Mzee aliniuliza kila siku," Sospeter aliendelea. "Kaburi likoje? Kuna kivuli? Nikamwambia liko chini ya mwembe. Akafurahi. Mpaka siku anakufa alikuwa anauzungumzia ule mwembe. Aliniambia nimshukuru Mungu kwa ajili yake."

Kutoka ndani wimbo ulikuwa umeanza. Sospeter alimshika dada yake mabega yote mawili, mikono ikitetemeka. "Wakijua watanitenga. Nikifa watakuja wangapi? Nina watoto. Sema mume wako alinionyesha kaburi la mtu mwingine. Yeye ameshakufa, halimdhuru. Shamba utapata vilevile. Editha atabatizwa vilevile. Neno moja tu, dada yangu."

"Mama Editha! Baba!" Ilikuwa sauti ya wifi. "Mnasubiriwa."

Waliingia. Mwalimu alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa mpya, ameandika tarehe. Bibi Leokadia alikuwa amempakata Editha. Mwenyekiti alimwonyesha Sospeter nafasi ya kusimama, kando ya mshumaa.

"Kaka Sospeter. Mwaka 2016 ulituambia ulifika Biharamulo ukaliona kaburi. Mbele ya msalaba huu, tueleze."

Sospeter alilamba midomo. Alitazama benchi la wanawe, kisha sakafu. "Nilifika," alisema. "Mume wake alinipeleka. Kaburi liko pembeni ya makaburi mengine, chini ya mwembe mkubwa. Kama si lake, basi shemeji alinidanganya."

Pumzi zikashuka chumbani. Watu walikuwa wamepata mkosaji, na mkosaji hayupo. Kalamu ya katibu ilianza kutembea. Pastory alikuwa tayari anafungua kasha. Mama Gaudensia peke yake hakuonekana kuridhika. Aligeuka polepole.

"Mama Editha, wewe umekaa Biharamulo miaka kumi na mitano. Makaburi ya kule unayajua. Huo mwembe upo?"

Kalamu ikasimama. Sospeter hakuinua kichwa. Editha alimtazama mama yake akisubiri, maana na yeye aliyajua makaburi yale vizuri; ndiko walikomzika baba yake.

Paskazia akasimama.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*